Udevu Mmoja, Punje Moja: Jinsi Mrija wa Chavua Unavyoijua Njia

Siku tatu nne baada ya ndevu za mahindi kupata chavua, chuma hindi moja. Pasua maganda taratibu bila kuvuta ndevu, lishike kitako, kisha litikise. Ndevu nyingi zitadondoka. Zitakazogoma kuachia ni za punje ambazo hazijarutubishwa, na hapo ndipo patakapobaki pengo.

Kila udevu una punje yake. Chembe ya chavua, yenye upana wa takriban milimita 0.1, ikitua juu yake huchipua mrija unaopenya ndani na kushuka hadi kwenye yai. Udevu unaweza kufika sentimita 30, yaani mara 3,000 ya upana wa chembe yenyewe, na safari hiyo kwa kawaida huisha ndani ya saa 24. Yote hayo ni kazi ya seli moja!

Mrija huo haututumki kila upande kama puto. Hukua nchani tu. Ubavuni ukuta wake umeshakakamaa. Nchani bado ni laini, na vifuko vidogo vilivyobeba pektini, malighafi ya kujengea ukuta, humwaga mzigo wao hapo mfululizo, huku maji yaliyojaa ndani yakisukuma.

Vifuko vinajuaje pa kushushia? Vinaongozwa na mafuta. Si ya kupikia, bali lipidi za utando wa seli, hasa moja iitwayo fosfatidilinositoli. Ikishapata fosfeti ya kwanza, kimeng'enya aina ya kinasi huibandika ya pili ikawa PIP2, lipidi iliyo haba sana, nayo PIP2 ikikusanyika nchani huwa kama chaki iliyochorwa ukutani: shusha hapa. Pembeni mwa ncha hukaa kimeng'enya kingine, fosfolipesi C, kinachoikata PIP2 inayotaka kusambaa ubavuni. Mmoja anachora, mwingine anafuta, na mrija unanyooka kwa sababu wote wawili wako kazini.

Watafiti walipozidisha kinasi hiyo kwenye chavua ya tumbaku, pektini ilirundikana, ncha zikavimba, mirija mingine ikatoa matawi. Kwenye Arabidopsis, mmea mdogo wa ukoo wa kabichi, walipoziondoa kinasi mbili za chavua mirija ilikua kwa kusuasua. Mahindi hayajachunguzwa kwa undani kiasi hicho.

Vinyweleo vya mizizi navyo hukua kwa ncha. Arabidopsis iliyokosa kinasi moja ya ukoo huohuo huota vinyweleo vifupi, na vinyweleo ndivyo vinavyookota fosfeti udongoni, ileile tunayoinunua kwenye mfuko wa mbolea ya DAP.

Ila ukikuta hindi lenye mapengo, usikimbilie kuvisingizia vimeng'enya. Mara nyingi ukame umechelewesha ndevu, zikachomoza wakati mbelewele zimeshamaliza kumwaga chavua. Mrija haukupotea njia; haukuwahi hata kuanza safari.