Rasilimali watu: kazi inayoanza kabla mtu hajaajiriwa

Kila wanafunzi wa field, yaani wa mafunzo kwa vitendo, wanaporipoti ofisini kwetu hapa Dodoma, siku ya kwanza huwauliza swali moja: usimamizi wa rasilimali watu ni nini? Jibu huja limekaririwa vizuri. Ni kupanga, kuajiri, kuendeleza na kutunza watu ili taasisi ifikie malengo yake. Hakuna kosa hapo. Ila ukimkabidhi aliyejibu faili la mtumishi mmoja na kumwambia alisome akueleze mtu huyu amefikaje hapa alipo, anakwama folio ya tatu, yaani karatasi ya tatu kwa namba zilizoandikwa ndani ya faili.

Tuanze na neno lenyewe. Rasilimali limetoka Kiarabu, na kwa asili yake ni "kichwa cha mali", yaani mtaji, kile ambacho mfanyabiashara anaanzia nacho. Muulize mwenye duka pale Majengo kuhusu mtaji wake, hatakueleza mauzo ya jana. Atakuambia alianza na nini, amekizungusha vipi, na kiasi gani kimelala kwa wadaiwa. Ukisema watu ni rasilimali unasema hivyo hivyo: kuwapata kuna gharama, wakitunzwa thamani yao inapanda, wanaweza kukaa bila kuzalisha, na wanaweza kukuponyoka. Tofauti yake, na ndiyo inayoifanya kazi yetu iwe ngumu kuliko ya mhasibu, ni kwamba mtaji huu unaumwa, una mama anayeuguzwa Mpwapwa, unanuna, na una sheria inayoulinda.

Zamani tuliitwa utumishi tu. Kazi ilionekana ni kutunza mafaili masijala, kuandika barua na kupitisha fomu za likizo. Siku hizi milango ya halmashauri ina kibao kirefu: Utawala na Usimamizi wa Rasilimali Watu. Kama kazi nyuma ya mlango bado ni barua na likizo, basi kilichobadilika ni kibao.

Msingi wa kwanza, ambao wengi huuruka, ni kujua kazi yenyewe kabla ya kumtafuta mtu. Nieleze kwa mfano. Mama mmoja mwenye mashine ya kukamua alizeti Kizota aliniomba nimsaidie kupata kijana, maana watatu walikuwa wameshaondoka ndani ya msimu mmoja. Nikamuuliza anataka wa namna gani. "Mwaminifu, asiye mlevi." Atafanya nini? "Atakaa pale mashineni, baba." Tukakaa kwenye benchi nje ya godauni, harufu ya mashudu imejaa, nikaanza kumdadisi. Nani anapima magunia yakishushwa kwenye gari? Yeye kijana. Nani anaandika daftari la wakulima? Yeye. Nani anasafisha chujio jioni? Yeye. Umeme ukikatika mbegu zikiwa ndani ya mashine? Yeye. Mteja akija kununua dumu la lita 20, nani anapokea hela? Mama akacheka kidogo, akasema: "Naye huyo huyo, mimi nikiwa nimetoka."

Hapo ndipo tatizo lilipokuwa. Alikuwa anatafuta mtu mmoja kwa kazi tatu, mojawapo ya fundi, nyingine ya karani, na ya tatu ya keshia, kwa mshahara wa kibarua. Wale watatu hawakuwa wabaya. Mmoja aliijua mashine ila daftari lilimshinda. Mwingine daftari lake lilikuwa safi na mashine ikaungua. Tuliandika nusu karatasi: cheo, anawajibika kwa nani, majukumu sita, vifaa atakavyokabidhiwa, na kipi hatakigusa, yaani fedha. Nusu karatasi hiyo ndiyo tunayoiita maelezo ya kazi. Ni karatasi ya bei rahisi kuliko zote katika fani hii, na karibu kila mgogoro niliowahi kuukuta ungeisha mapema kama ingekuwepo.

Serikalini hatua hiyo ina sura kubwa zaidi na jina lake ni ikama: idadi ya nafasi zilizoidhinishwa kwa kila kada, pamoja na bajeti ya mishahara yake. Mkuu wa idara anaweza kulia kwamba ana upungufu wa wahasibu mpaka sauti ikauke. Kama nafasi haimo kwenye ikama na kibali hakijatoka, hakuna tangazo. Watu hulalamika kwamba ni urasimu. Upo urasimu, sikatai, lakini swali lililo chini yake ni lile la Kizota: kazi ipo kweli, na fedha ya kuilipa ipo?

Baada ya hapo ndipo kunakuja kuajiri. Tangazo linatokana na maelezo ya kazi, usaili unatokana na tangazo. Msaili anayemuuliza dereva mji mkuu wa Ufaransa hakusoma karatasi yoyote. Dereva mpe gari, karani mpe daftari lenye makosa matatu uone kama atayaona. Halafu hakiki vyeti. Hapa kwetu somo hilo lilifundishwa kwa kishindo: Aprili 2017, hapa hapa Dodoma, Rais Magufuli alikabidhiwa ripoti ya watumishi wa umma 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi. Wengi walikuwa wamekaa kazini miaka mingi. Mimi nikiwaza ile namba, huwa siwazi walioghushi peke yao. Nawaza pia kila afisa aliyepokea nakala ya cheti, akaitoboa, akaifunga kwenye faili, asiandike hata mstari mmoja kwenda baraza la mitihani kuuliza.

Mtu akishapatikana anapewa maandishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi taarifa za ajira yake kwa maandishi: kazi gani, wapi, tangu lini, saa ngapi, malipo kiasi gani. Saa za kawaida hazizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Zikipita hapo ni ovataimu, nayo hulipwa mara moja na nusu. Likizo ya mwaka ni siku 28, na hizo ni za kalenda. Kijana anayehesabu Jumamosi na Jumapili pembeni atarudi kazini kachelewa akute barua mezani. Uzazi ni siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Muda wa matazamio hautakiwi kuzidi miezi 12, na waajiri wengi husahau kwamba unaitwa matazamio kwa sababu kuna mtu anayepaswa kutazama. Kumwacha mtu miezi sita bila kumwelekeza, kisha kumwambia hakufaulu, ni kujitazama mwenyewe kwenye kioo.

Malipo nitayapita haraka. Kwenye hati ya mshahara kuna kodi ya mapato, na kuna mchango wa hifadhi ya jamii, NSSF kwa walio wengi wa sekta binafsi na PSSSF kwa watumishi wa umma. Upande wa mwajiri kuna pia mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao mfanyakazi hakatwi hata senti. Nadharia za motisha zipo, na wanafunzi hunijia na ngazi ya mahitaji ya Abraham Maslow ya mwaka 1943, inayoanzia chakula na kuishia kujitambua, wakiwa wameichora kwa rangi. Sawa. Lakini usimhubirie mtu kujitambua wakati mshahara wa mwezi uliopita hujamlipa na mwenye nyumba wa Nkuhungu anamsubiri kibarazani.

Tathmini ya utendaji inahitaji tukae kidogo, kwa sababu ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko zote. Katika utumishi wa umma tulianza OPRAS, yaani mfumo wa wazi wa mapitio na tathmini ya utendaji kazi, mwaka 2004. Mpango wake ulikuwa mzuri: mwanzo wa mwaka wa fedha, Julai, mtumishi na msimamizi wake wanakaa, wanakubaliana malengo, katikati ya mwaka wanapitia, Juni wanatathmini kwa alama. Neno muhimu lilikuwa "wazi". Kilichotokea katika ofisi nyingi nilizopita ni kwamba fomu zilijazwa Juni yote kwa pamoja, malengo ya Julai yakiandikwa kwa kalamu ile ile ya tathmini, kila mtu akijipa alama nzuri na bosi akitia saini akiwa amesimama. Sasa kazi hiyo imehamia kwenye mfumo wa kompyuta, PEPMIS, ambako mtumishi anaingiza majukumu yake na msimamizi anayapitia humo. Kompyuta imeziba mwanya wa kuandika yote siku moja. Haijamfundisha msimamizi kumwambia mtu kwa heshima, ana kwa ana: hapa umefanya vizuri, hapa hapana, na sababu ni hii.

Na hapo hatuna budi kurudi kwenye nusu karatasi. Kama hamkukubaliana kazi ni ipi, unapima nini? Utabaki kupima tabia. Anaamkia? Anawahi? Anavaa vizuri? Ndiyo maana tathmini nyingi hugeuka barua za maadili.

Nidhamu na kuachishwa kazi navyo vina kanuni moja yenye miguu miwili: sababu halali, na utaratibu wa haki. Mguu mmoja ukivunjika, kiti kimeanguka. Wajibu wa kuthibitisha uko kwa mwajiri. Niliwahi kuitwa na mwajiri mmoja, sitamtaja wala mji wake, aliyemfukuza mtunza stoo kwa wizi wa mifuko ya saruji. Sababu alikuwa nayo, na mashahidi wawili waliona. Lakini alimfukuza getini saa mbili asubuhi kwa sauti, bila barua ya tuhuma, bila kumpa muda wa kujieleza, bila kikao ambamo angeweza kuja na mwenzake wa kumsaidia. Mtunza stoo akaenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA, ndani ya zile siku 30 zinazotakiwa kwa mgogoro wa kuachishwa kazi. Nilipoomba faili ili tujiandae, nililetewa bahasha ya kaki yenye nakala ya kitambulisho cha mpiga kura na picha mbili ndogo. Basi. Miaka minne ya kazi. Msuluhishi alipouliza mtu huyu alikabidhiwa stoo kwa maandishi yapi, bosi alinitazama mimi, nami nikatazama feni.

Aliyelipwa siku ile ni mtunza stoo. Bosi alitoka akisema sheria inatetea wezi. Sikumbishia, alikuwa na uchungu. Ila sheria ilimuuliza swali dogo tu, ulimsikiliza kabla ya kumhukumu, na swali hilo hata wazee wetu kwenye baraza la ukoo hulianza nalo.

Mafunzo na kuendeleza watu ndiyo sehemu inayopendwa kwenye hotuba na kukatwa ya kwanza kwenye bajeti. Nitasema moja tu. Mafunzo ya bei nafuu kuliko yote ni mafunzo elekezi ya wiki ya kwanza: kumwonyesha mgeni choo kilipo, nani anatia saini nini, na akikosea amwambie nani. Kuhusu kurithishana madaraka, jiulize nani anajua kazi ya yule mhasibu anayestaafu Desemba. Kama jibu ni yeye mwenyewe, umechelewa.

Anayetaka kuisomea fani hii ukanda wetu huu hana haja ya kupanda basi la Dar. Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, kipo, na Chuo cha Utumishi wa Umma kina kampasi yake Singida. Lakini ushauri wangu kwa wanafunzi wa field haubadiliki: ukipewa ruhusa, chukua faili moja la mtumishi aliyestaafu, lisome kuanzia folio ya kwanza mpaka ya mwisho kama hadithi. Barua ya maombi, ya kuitwa kwenye usaili, ya kuajiriwa, ya kuthibitishwa kazini, ya kupandishwa cheo, onyo moja labda, likizo za uzazi, uhamisho kutoka Kondoa kuja mjini, kibali cha kustaafu. Halafu tafuta pengo. Kila faili lina pengo, na kwenye pengo ndipo utakapoielewa kazi hii.

Yule mama wa Kizota nilimpitia msimu uliofuata. Kijana wa mashine alikuwa yule yule wa mwaka jana. Ile nusu karatasi ilikuwa imebandikwa ukutani karibu na swichi, imeloa mafuta pembeni, jukumu la nne limefutwa kwa kalamu na mengine mawili yameongezwa kwa mwandiko wa kijana mwenyewe. Pembeni yake kulikuwa na karatasi ya pili, nikasogea kuisoma. Mama alikuwa ameandika kazi zake mwenyewe: kununua mbegu, kukopa, kudai, kuuza, kutunza daftari, kupika chakula cha vibarua, kukaa kaunta. Zilijaa ukurasa mzima na kugeukia nyuma.

"Baba," akaniambia, "nimeajiri binti wa kaunta. Nilipoziandika niliogopa."