Uzoefu wa uongozi katika kupanua programu za vijana: maana yake na namna ya kuupima

Matangazo ya kazi ya mashirika yanayohudumia watoto na vijana yana sharti linalojirudia: uzoefu wa uongozi katika kupanua programu. Waombaji wengi hulichukulia kuwa ni miaka ya ukurugenzi au ukubwa wa bajeti waliyowahi kuisimamia. Sivyo. Anayetafutwa ni mtu aliyewahi kuchukua shughuli iliyothibitika kuwafaa vijana mia chache, akaifikisha kwa maelfu kupitia watumishi ambao hakuwaajiri yeye, na matokeo yakabaki vilevile au karibu na hapo. Ugumu uko kwenye kipande hicho cha mwisho. Kuongeza vituo kunahitaji fedha na magari tu. Mtu anaweza kuongeza vituo kwa miaka kumi bila kugundua kwamba vijana waliopo kwenye vituo vipya hawapati chochote.

Kenya ilipata kipimo cha wazi cha jambo hili. Utafiti mmoja ulijaribu kuzipa shule za msingi mwalimu wa ziada wa mkataba, shule zikiwa zimechaguliwa kwa bahati nasibu. Baadhi zilisimamiwa na shirika lisilo la serikali, World Vision, nyingine na Wizara ya Elimu. Zilizosimamiwa na shirika zilipandisha alama za wanafunzi. Zilizosimamiwa na wizara hazikuonyesha mabadiliko, ingawa mpango ulikuwa uleule. Upande wa serikali mishahara ilichelewa zaidi na ufuatiliaji shuleni ulikuwa mdogo. Juu ya hayo, chama cha walimu kiliupinga mpango mzima, kwa kuwa wizara ilikuwa inaajiri walimu 18,000 wa mkataba nchi nzima. Walimu hao walianza kujihesabu kuwa watumishi wa kudumu watarajiwa, na baada ya mgomo wa mwaka 2011 serikali ilikubali kuwaingiza kwenye ajira ya kudumu. Msukumo wa kufanya bidii ili mkataba uongezwe ukafa palepale.

Kwa kiongozi anayetaka kupanua, tukio hilo lina maana mahususi. Shughuli ikiwa ndogo, hakuna anayeiona. Ikishakuwa kubwa inagusa ajira, bajeti na maslahi ya watu waliojipanga, nao wanajibu. Ripoti ya majaribio haiwezi kuonyesha majibu hayo kwa sababu wakati wa majaribio hayakuwepo.

Uzoefu unaohitajika una sehemu kadhaa, na hazina uzito sawa. Iliyo nzito kuliko zote ni kuwahi kuifanya kazi yenyewe, ana kwa ana na vijana. Wengi huidharau, wakiamini kwamba mkurugenzi hana haja ya kushika chaki. Ushahidi wa India unasema vingine.

Shirika la Pratham, lililoanzia Mumbai katikati ya miaka ya 1990, lilitengeneza njia ya kufundisha kusoma kwa kufuata kiwango alichofikia mtoto badala ya darasa aliloandikishwa. Mtoto anapimwa kwa karatasi moja yenye herufi, maneno, aya na hadithi fupi, kisha anawekwa kwenye kundi la wenzake wa kiwango chake. Wasomaji wa Kenya, Tanzania na Uganda wanaokumbuka upimaji wa Uwezo majumbani wanaijua karatasi ya aina hii, maana Uwezo ilifuata mfano wa upimaji wa India. Njia ilifanya vizuri mikononi mwa vijana wa kujitolea wa Pratham. Swali likawa kama walimu wa serikali wangeweza.

Jaribio la kwanza shuleni halikufaulu. Katika majimbo ya Bihar na Uttarakhand walimu walipewa mafunzo na vifaa, kisha wakaachwa waitumie njia hiyo ndani ya siku ya kawaida ya shule. Matokeo hayakusogea. Walimu hawakuwa na ubishi na njia yenyewe. Walikuwa wamebanwa na silabasi, na hakuna aliyewapa ruhusa ya kuvunja mgawanyo wa madarasa. Cha ajabu ni kwamba Bihar hiyohiyo, walimu wa serikali walipoendesha kambi za likizo bila silabasi juu ya vichwa vyao, watoto walisogea.

Mwaka wa masomo 2012 hadi 2013, jimbo la Haryana lilibadilisha mambo mawili. Serikali ilitenga saa moja kila siku kwa ajili ya kazi hii peke yake, na watoto wakapangwa kwa viwango katika saa hiyo. Pili, waratibu wa serikali waliokuwa na jukumu la kutembelea shule walipewa mafunzo, halafu kila mmoja akafundisha mwenyewe watoto halisi kwa siku 15 hadi 20 kabla ya kumsimamia mwalimu yeyote. Safari hii usomaji ulipanda.

Zile siku 15 hadi 20 ndizo tunazoziita uzoefu wa uongozi katika umbo lake dogo kabisa. Mratibu aliyewahi kukaa na kundi la watoto wasiojua herufi akiingia darasani anaona kitu. Anaona kwamba mwalimu anawasomea badala ya kuwaachia wasome, au kwamba kundi la chini limepewa kona ya nyuma na halijaguswa tangu saa ilipoanza. Asiyewahi kufundisha anahesabu mahudhurio, anasaini kitabu cha wageni, anaondoka. Wote wawili watajaza fomu ileile, na makao makuu hawataona tofauti. Zambia nayo ilianza kuitumia njia hii ya Pratham katika shule 80 mwaka 2016, na hapo baadaye ikaipanua kwa kupitia maofisa wa serikali wenyewe.

Kosa la kawaida katika upanuzi linatokea hapa hapa, kwenye mafunzo ya ngazi kwa ngazi. Tuseme wakufunzi wa taifa wanapata siku tano. Wa mkoa wanapata tatu, wa wilaya mbili, mwezeshaji wa kata anapata siku moja. Kila ngazi inafupisha, na kinachofupishwa ni mazoezi, kwa sababu maelezo yanaweza kusomwa kwenye slaidi lakini mazoezi yanahitaji vijana, ukumbi na muda. Mwezeshaji anayekutana na vijana kila wiki anabaki na kijitabu. Kiongozi mwenye uzoefu anapunguza ngazi kabla ya kupunguza siku, hata kama maana yake ni kuanza na wilaya tatu badala ya kumi na mbili.

Hesabu ya usimamizi nayo ni ya kujua kwa kichwa. Msimamizi mmoja akiwa na klabu 10 za vijana na kuzitembelea mara mbili kwa mwezi, ana safari 20, yaani karibu siku zake zote za kazi. Mpe klabu 25 bila kumwongezea mwenzake, na hatafika kila klabu hata mara moja kwa mwezi. Kuanzia hapo ripoti zinakuwa nzuri kuliko klabu zenyewe.

Mfano wa klabu uko karibu nasi. BRAC, shirika la maendeleo lililoanzia Bangladesh, iliendesha Uganda klabu za wasichana walio nje na ndani ya shule, zikiongozwa na msichana wa eneo hilohilo aliyewazidi umri kidogo, zikichanganya stadi za maisha na mafunzo ya kujipatia kipato. Tathmini iliyolinganisha vijiji vilivyopata klabu na visivyopata ilikuta, baada ya miaka minne, mimba za utotoni zimepungua kwa takribani theluthi moja, na ndoa za mapema kwa zaidi ya nusu. Shirika lilelile likaleta muundo uleule Tanzania, na tathmini haikuona athari ya maana. Maelezo yanayotolewa ni uhaba wa rasilimali katika utekelezaji. Hapa hakukuwa na serikali wala chama cha wafanyakazi cha kulaumu. Ndiyo maana sehemu ya pili ya uzoefu ni kujua gharama ya kijana mmoja: ilikuwa kiasi gani wakati wa majaribio, na inaweza kushuka hadi wapi kabla programu haijageuka kuwa jina tu.

Kujua gharama kunakwenda pamoja na kujua kisichoguswa. Kwa klabu ya wasichana, kisichoguswa ni mahali salama pa kukutania, kiongozi wa rika lililo karibu, siku zinazojulikana, na mchanganyiko wa stadi na kipato. Sare, michezo, chai na jengo jipya vinaweza kuondoka. Orodha hii inaandikwa ukurasa mmoja kabla ya kukutana na mfadhili, kwa sababu baada ya kukutana naye kila kitu huonekana cha lazima.

Sehemu ya tatu ni kuwahi kufanya kazi ndani ya mfumo utakaoibeba programu, au walau pembeni yake kwa karibu. Tanzania mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Mapendekezo yanatoka vijijini na mitaani, yanapita kamati ya maendeleo ya kata, yanafika kwenye baraza la madiwani, na Bunge linapitisha bajeti ya serikali ifikapo Juni. Anayefika ofisi ya mkurugenzi wa halmashauri mwezi wa nne na programu nzuri atapokelewa kwa ukarimu na kuambiwa asubiri mwaka ujao. Mwenye uzoefu anajua pia kwamba afisa maendeleo ya jamii wa kata ana vikundi vya mikopo, walengwa wa TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii) na kesi za ukatili wa kijinsia mezani. Kumwongezea klabu za vijana bila kumpunguzia kitu ni kupanga mahudhurio ya kwenye karatasi.

Posho inastahili tahadhari yake. Mradi ukimlipa mwezeshaji kiwango ambacho halmashauri haiwezi kukilipa, umeshaamua tarehe ya kufa kwa klabu, nayo ni siku mfadhili anapoondoka.

Mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri inaonyesha upande mwingine. Asilimia nne ni ya wanawake, nne ya vijana, mbili ya watu wenye ulemavu. Sheria iliipeleka kila halmashauri kwa mara moja. Serikali iliisitisha mwaka 2023 kutokana na matatizo ya utoaji na urejeshaji, ikairejesha mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Kwa maoni yetu, fedha zilipanuka haraka kuliko uwezo wa kuhakiki vikundi na kuvifuatilia, na vijana waliounda kikundi wiki moja kabla ya fomu hawakuwa na mtu wa kuwauliza biashara yao ni ipi.

Je, uzoefu huu unapimwaje kwenye usaili? Wasifu hautoshi, maana kila wasifu unataja idadi ya walengwa. Muulize mwombaji alikiondoa nini kwenye programu ili ipanuke, na alijuaje kwamba hakikuwa cha lazima. Muulize ni lini alisimamisha upanuzi au alifunga kituo, kwa takwimu zipi. Mwambie aeleze kikao kimoja cha vijana, dakika kwa dakika: nani anafungua, vijana wanafanya nini dakika ya ishirini, mwezeshaji dhaifu anakosea wapi. Aliyeishi kazi hii atakuambia mambo madogo yanayochosha kidogo kuyasikiliza. Asiyeiishi atarudi haraka kwenye dira na ushirikiano wa wadau.

Mtu mmoja mwenye sehemu zote ni nadra, na kumsubiri ni kupoteza muda. Mashirika mengine yanawakuza kutoka ndani. Angeline Murimirwa alikuwa miongoni mwa wasichana wa kwanza kusomeshwa na shirika la Camfed nchini Zimbabwe mwaka 1993, na mwaka 2023 akawa mtendaji mkuu wake. Njia hiyo inachukua miongo. Ya haraka zaidi ni kuoanisha watu wawili: mratibu aliyeendesha vikao kwa miaka, na mtumishi aliyewahi kukaa idara ya mipango ya halmashauri. Wape wilaya moja kwa mwaka mzima, mamlaka ya kukataa kuongeza ya pili, na fedha za kuhoji vijana bila kupitia wawezeshaji. Bila hiyo mamlaka ya kukataa, shinikizo la mfadhili litawafikisha wilaya ya nne kabla ya mwezi wa tisa.