Chuma kikipungua kwenye damu, liulize tumbo

Ukipita sokoni hapa Kisumu unaweza kukuta kijana na kompyuta yake. Anakupa kijiti cha chuma ushike, na punde unachapishiwa karatasi: zinki imeshuka, shaba imezidi, saratani inanyemelea. Kisha unauziwa vidonge. Karatasi hizo wagonjwa huniletea kliniki, sizisomi. Madini ya damu hupimwa kwenye damu iliyotolewa mshipani, na kiganja hakijui lolote kuhusu zinki.

Hata hivyo, wanaouliza kama madini yanahusiana na saratani ya tumbo wana haki ya kujibiwa. Yanahusiana, ila lazima tujue kipi kilitangulia.

Mwaka 1975 Pelayo Correa, mwanapatholojia mzaliwa wa Colombia, na wenzake walieleza jinsi saratani hii inavyojijenga. Ukuta wa tumbo huvimba kwa miaka, tezi zake hukonda na kufa, mahali pake huota seli zinazofanana na za utumbo, kisha seli hizo hupoteza mpangilio. Wengi hawafiki mwisho wa njia hiyo. Mwanzilishi mara nyingi ni bakteria Helicobacter pylori, ambaye ugunduzi wake uliwapa Barry Marshall na Robin Warren Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Bakteria huyo naye anaishi kwa madini: bila nikeli, kimeng'enya kinachomkinga na asidi hakifanyi kazi.

Sasa tazama chuma. Chuma cha sukuma wiki na maharagwe kinahitaji asidi ya tumbo ili mwili ukifyonze. Tezi zikifa, asidi hupungua, chuma hupita tu. Hata vitamini B12 huadimika. Kwa hiyo chuma kidogo kinaweza kuwa moshi, moto uko tumboni. Shaba nayo hupanda kwa sababu ini, mwili ukiwa na uvimbe wowote, hata usio wa saratani, humwaga kwa wingi protini inayoibeba. Zinki hushuka wakati huohuo. Malaria peke yake inaweza kuvuruga vipimo hivyo vyote, na sisi tunaoishi kando ya ziwa tunaijua malaria.

Seleni, madini mengine ambayo mwili huyahitaji kwa kiasi kidogo sana, ina hadithi nzito zaidi. Huko Linxian, China, katika utafiti wa watu karibu 30,000, waliopewa seleni pamoja na vitamini E na beta-karotini walikufa kwa saratani ya tumbo wachache kuliko wenzao. Lakini wakazi wale walikuwa na upungufu wa lishe, na mchanganyiko ule hautuambii ni kipi kilichosaidia. Ukizidisha seleni, nywele hunyonyoka na kucha hukatika. Mimi siiandikii mtu kwa sababu ya hofu.

Ninayemhofia ni mzee wa miaka sitini anayepewa vidonge vya chuma mwaka baada ya mwaka, huku lawama zikienda kwa minyoo. Minyoo ya safura hunyonya damu kweli, basi atibiwe. Chuma kisipopanda baada ya hapo, apelekwe endoskopia, yaani kipimo cha kamera inayoingizwa tumboni kupitia mdomoni, vinyama vikatwe sehemu ya chini na ya juu ya tumbo vikapimwe, hata kama ukuta unaonekana safi kwa macho. Feritini, kipimo cha akiba ya chuma mwilini, ikiwa ya kawaida pia isimtulize daktari haraka, maana uvimbe huipandisha.

Na kabla ya kupima H. pylori kwa pumzi au choo, muulize daktari wako kuhusu kuacha omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi, wiki mbili na antibiotiki wiki nne. Dawa hizo humficha bakteria, jibu likaja hayupo ilhali yupo.