Faili la exe: pale folda inapokuwa si folda

Mwanafunzi mmoja aliingia steshenari, huku jirani na soko la Mbuyuni hapa Moshi, akachomeka flashi aprinti ripoti yake ya mafunzo kwa vitendo. Folda ya RIPOTI ilikuwepo, ya njano kama zote. Nikamwambia, "Dada, usiifungue kwanza." Kando ya jina paliandikwa ukubwa, KB 380, na folda halisi kwenye orodha ya Windows haiandikiwi ukubwa. Lile lilikuwa faili la exe.

Exe ni faili linalotenda. Hati unaisoma, picha unaitazama, lakini exe ukiibofya mara mbili umeiruhusu ifanye kazi iliyotumwa. Nyingi ni njema. Hata Word huanzia kwenye exe. Hatari ni kwamba exe hujivika sura yoyote, hata ya folda, na Windows kwa kawaida huficha mkia wa jina: RIPOTI.exe huonekana RIPOTI tu. Ndiyo maana kompyuta yoyote ninayoishika, kwanza nafungua "View" na kuweka tiki kwenye "File name extensions".

Kisha uliza inakaa wapi. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, uone programu zinazoendelea. Unayoitilia shaka ibofye kulia, chagua "Open file location". Utakuta svchost.exe nyingi, usishtuke, ni za Windows na kwao ni C:\Windows\System32. Ukiikuta ndani ya Temp, folda ya mafaili ya muda, au jina limegeuzwa kuwa scvhost, huyo ni mwizi aliyevaa sare.

Kufuta usikukimbilie. Exe inayoendelea hukataa kufutika, na nyingine hurudi ukiwasha mashine. Isimamishe, izime kwenye orodha ya programu zinazojiwasha, halafu hifadhi kazi zako na uchague "Offline scan" ya Microsoft Defender, kinga ya virusi iliyomo ndani ya Windows. Mashine itajizima na kuwaka, ikaguliwe kama robo saa kabla Windows haijaamka, kirusi kikiwa hakina pa kujifichia.

Yule dada alitaka tuifomati flashi. Nikamkataza: kirusi cha namna hii huificha folda halisi na kukalia jina lake. Baada ya Defender kukiondoa, niliandika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* kwenye kile kidirisha cheusi cha amri, yaani fichua vyote vilivyofichwa kwenye flashi, ambayo pale ilikuwa E, nikabonyeza Enter. RIPOTI ikajitokeza, safari hii bila KB yoyote kando yake. Tukaprinti.