Nilizima umeme, viputo vikaendelea

Kuna swali ninaloulizwa sana na watu wanaojiundia seli za elektrolisisi, yaani vyombo vya kupasua maji kwa umeme kuwa haidrojeni na oksijeni: nikiweka pampu ya kuvuta hewa juu ya chombo, kanieneo likashuka, si nitapata haidrojeni nyingi zaidi? Hupati. Lakini ninaelewa kwa nini mtu aape kwamba ameiona kwa macho yake, maana hata mimi niliwahi kuiona.

Nilikuwa na mabamba mawili ya nikeli kwenye maji yenye potasiamu haidroksidi, ndani ya chupa nene ya kioo, na ampea 1 ikipita bila kubadilika. Nikawasha pampu. Kadiri mshale wa geji ulivyoshuka, viputo vilinenepa, vikaongezeka, hadi maji yote yakawa yanatutuma. Nilishangilia peke yangu kama mwehu. Kisha nikatupa jicho kwenye amita: ampea 1, ileile. Nikazima kabisa umeme wa mabamba, pampu nikaiacha ikivuta. Viputo vikaendelea kupanda kana kwamba hakuna aliyegusa swichi.

Maji yalikuwa yanachemka tu. Kwa nyuzi 25 za Selsiasi, maji huchemka kanieneo likishuka hadi kilopaskali 3.2 hivi (la kawaida la hewa ni kama 101), na kabla ya hapo hutema hewa iliyokuwa imeyeyuka ndani yake. Hivyo nilichokishangilia kilikuwa mvuke na hewa kuukuu.

Haidrojeni yenyewe huhesabiwa kwa umeme. Mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday alilimaliza suala hili mwaka 1834: kila molekuli ya haidrojeni hudai elektroni mbili, wala haiulizi kama juu ya maji kuna hewa au ombwe, yaani nafasi iliyoondolewa hewa. Ampea 1 ikipita kwa saa nzima ni kulombi 3,600, kulombi ikiwa kipimo cha kiasi cha umeme. Gawanya kwa mara mbili ya 96,485, ambazo ni kulombi za moli moja ya elektroni (moli ni kipimo cha idadi ya chembe), unapata moli 0.0187 za haidrojeni, yaani chini kidogo ya gramu 0.04. Ndiyo yote.

Kinachopotosha ni ujazo. Gesi hiyo ikiwa kavu, kwa kanieneo la kawaida na nyuzi 25, hujaza lita 0.46. Ishushe hadi kilopaskali 10 juu ya maji, nayo itajaza karibu lita 6.8, kwa sababu imetanuka na pia imechanganyika na mvuke. Kwa kilopaskali 5 unapata lita 25, na karibu theluthi mbili ya molekuli zilizomo ni mvuke mtupu. Mtu anayepima kwa silinda iliyopinduliwa bila kusahihisha kanieneo na mvuke ataona muujiza, na muujiza huo utayeyuka punde tu atakaporudisha hewa.

Je, ombwe halina athari yoyote basi? Linayo, ila iko kwenye volti. Kinadharia, kupasua maji kwa nyuzi 25 na kanieneo la kawaida kunahitaji volti 1.23. Ukishusha kanieneo la gesi zote mbili mara kumi, hitaji hilo linapungua kwa volti 0.044. Kwa hiyo kama chanzo chako kinashikilia volti badala ya ampea, mkondo unaweza kupanda kidogo, na haidrojeni ikapanda nao. Athari hiyo ni ya kweli, ila seli halisi huendeshwa kwa volti 1.8 hadi 2, kwa hiyo tunazungumzia takriban asilimia 2 ya volti hizo.

Tena hiyo asilimia 2 si ya bure, na hapa ndipo hesabu inaponifurahisha kila mara. Chukua pampu kamilifu, isiyopoteza hata chembe ya nishati, uipe kazi ya kurudisha gesi hizo zote mbili kwenye kanieneo la kawaida. Itatumia kilojuli 8.6 kwa kila moli ya haidrojeni. Sasa piga hesabu ya nishati uliyookoa kwa zile volti 0.044: kilojuli 8.6. Ulichopewa kwa mkono wa kulia umenyang'anywa kwa wa kushoto. Pampu za kweli hula zaidi ya hapo, na zinalazimika kuvuta mvuke wote ule pia.

Isitoshe, viputo vilivyonenepa hukaa kati ya mabamba na kuubania mkondo njia, maana gesi haipitishi umeme. Ukinzani hupanda, na ile nafuu ndogo inaweza kumezwa hapo hapo. Uvukizi nao huipoza seli, kwani kila gramu ya maji huondoka na kilojuli 2.4 hivi za joto, na seli baridi hudai volti zaidi. Ndiyo maana viwandani watu wengi hukimbilia upande wa pili kabisa: huziendesha seli kwa kanieneo la takriban mara 30 ya la angahewa. Huongeza sehemu ndogo tu ya volti, kama 0.066 kwa nadharia ileile, na gesi hutoka ikiwa tayari imeshindiliwa, viputo vikiwa vidogo.

Kuhusu chupa yangu, sasa nikiikumbuka nasisimka. Gesi zote mbili zilikuwa humo pamoja, haidrojeni 2 kwa oksijeni 1, mchanganyiko unaolipuka vibaya sana, na pampu ilikuwa inauvuta moja kwa moja kupita kwenye mota na mafuta yake. Hata ukizitenganisha gesi, ombwe hufyonza hewa ya nje kupitia kila kiungo kisichokaza, na haidrojeni huwaka hewani ikiwa kati ya asilimia 4 na 75. Kwenye seli yenye kanieneo la juu, kiungo kibovu hutoa gesi nje, nawe unaweza kukigundua kwa maji ya sabuni. Kwenye ombwe, hewa huingia kimyakimya.