Kitabu cha mwanafunzi asiyeona huanzia kwenye faili

Shule yenye kitengo cha wanafunzi wasioona ikipata fedha, kwanza hununua vifaa: Perkins (taipureta ya nukta nundu, yaani maandishi ya Braille yanayosomwa kwa vidole), printa ya nukta nundu, karatasi nzito. Vyote vinahitajika. Lakini kazi inayokula siku nyingi na kuzaa makosa mengi hufanyika kabla printa haijawashwa, nayo ni kupata maandishi safi ya kitabu kwenye kompyuta. Faili moja safi hutoa nukta nundu, maandishi yaliyokuzwa na sauti. Ukiwa na picha za kurasa tu, bado hujaanza.

Mwombe mchapishaji faili la Word, si PDF iliyopangwa kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji. Kenya na Tanzania zote zimejiunga na Mkataba wa Marrakesh wa 2013, unaoruhusu taasisi zilizoidhinishwa kutengeneza nakala kwa ajili ya wasioweza kusoma maandishi ya kawaida, na kubadilishana nakala hizo kuvuka mpaka. Kabla ya kuanza upya, uliza kama kitabu hicho hakijaandaliwa tayari ng'ambo ya mpaka wa Namanga.

Faili lisipopatikana, skani kwa nukta 300 kwa inchi, kisha uiambie programu ya kutambua maandishi kuwa lugha ni Kiswahili. Hata hivyo utakuta "rn" palipo na "m", na tarakimu 1 palipo na "l". Mwenye macho hupita juu yake bila kushtuka. Katika nukta nundu tarakimu hutanguliwa na alama ya namba, hivyo "ma1i" humkwamisha msomaji katikati ya neno.

Vichwa vya habari viwekewe mtindo wa kichwa ndani ya Word, visikolezwe wino tu, maana programu ya kugeuza husoma mtindo. Milinganyo ya hesabu iandikwe, isibandikwe kama picha. Namba za kurasa za kitabu cha kawaida zibaki ndani ya maandishi. Ukurasa wa A4 wa nukta nundu hubeba takribani seli 30 (seli ni nafasi ya alama moja) kwa mstari na mistari 27, yaani seli 810 hivi. Ukurasa wa kawaida wenye herufi 2,000 hutoa kurasa mbili na nusu. Mwalimu akisema "fungueni ukurasa wa 34", mtoto asiye na namba hizo hana pa kufungua.

Kosa linalotusumbua zaidi ni jedwali la lugha, yaani kanuni zinazoiambia programu herufi zipi zigeuzwe kuwa nukta zipi. Programu ikiachwa kwenye Kiingereza chenye vifupisho, ambapo alama moja husimama badala ya herufi kadhaa, huona "and" ndani ya kitanda, "of" ndani ya ofisi na "the" ndani ya thelathini, ikaweka kifupisho cha Kiingereza katika kila neno. Mtoto wa darasa la tatu anakutana na alama ambayo hajafundishwa, halafu anaambiwa hajui kusoma. Liblouis, programu huria inayotumiwa ndani ya programu nyingi za kugeuza, ina majedwali ya Kiswahili. Yachague kabla ya lolote. Angalia pia ng'ombe na ng'ambo: Word hupenda kupinda kile kistari cha juu, na kikipinda kinaweza kugeuzwa kuwa alama ya kufunga nukuu. Tafuta na ubadilishe faili zima kwa mara moja.

Kwa wanaosikiliza kwa kompyuta, lugha ya faili nayo iwekwe Kiswahili. NVDA, programu ya bure inayosoma skrini kwa sauti, huja na eSpeak NG, programu ya matamshi yenye sauti ya Kiswahili. Lugha ikikosewa, maneno husomwa kwa matamshi ya Kiingereza na hakuna anayeelewa.

Karatasi ya kawaida ya gramu 80 hutoboka, na nukta zake hulala baada ya kusomwa mara chache. Tumia ya gramu 120 hadi 160. Juzuu zisimame wima rafuni, maana zikirundikwa za juu hubonyeza nukta za zile za chini.

Wenye uoni hafifu, wakiwemo wanafunzi wengi wenye ualbino, mara nyingi hupewa fotokopi ya A4 iliyokuzwa kuwa A3. Hesabu yake haitoshi: ukuzaji huo ni asilimia 141, hivyo herufi ya ukubwa wa 12 inafika 17 tu, na karatasi inakuwa pana mno kwa mtoto anayesoma kwa kuisogeza karibu na uso. Bora uchape upya kwenye A4 ile ile, kwa herufi zisizo na vijimkia kwenye ncha (kama Arial), kuanzia 18, nafasi ya mstari na nusu, bila mlazo, kwenye karatasi isiyong'aa. Mpe kipande hicho hicho kwa 18, 22 na 26, mwenyewe achague.

Michoro ndiyo inayohitaji uamuzi wa mwalimu wa somo. Kidole hakioni mchoro mzima kwa mara moja; huujenga kipande kwa kipande. Ramani ya mikoa yote 31 ya Tanzania kwenye A4 moja ni fujo tupu. Tengeneza ya mipaka na maziwa makuu, kisha nyingine kwa kila kanda. Mistari iachane angalau milimita 3. Seli haipunguzwi ukubwa: neno "Dodoma" pamoja na alama ya herufi kubwa hula sentimita 4 hivi, kwa hiyo weka herufi mbili kwenye ramani na ufunguo kwenye ukurasa unaotangulia.

Karatasi ya kuvimba hufanya kazi nzuri, kwani mistari myeusi huinuka ikipitishwa kwenye mashine ya joto, ila bei yake ni kubwa. Uzi wa katani, mchanga na gundi ya mbao juu ya manila vinatosha, mradi vikauke usiku kucha. Maharage na mchele epuka; panya wa stoo hawachagui somo. Ukichora kwa gurudumu la kudunga juu ya mpira, mistari huinuka upande wa pili, hivyo chora kinyume kama kwenye kioo. Asiyefanya hivyo huihamishia Bahari ya Hindi magharibi.

Mwisho, chapa kurasa 10 za mwanzo tu. Msomaji hodari wa nukta nundu azisome kwa sauti huku mwenzake akifuatilia kitabu cha kawaida. Makosa ya jedwali na ya kuskani hujirudia, kwa hiyo kurasa hizo zitafichua mengi yake. Yasahihishwe ndani ya faili, ndipo juzuu zima liingie kwenye printa.