Kipimo cha kusikia kwa mfupa ni nini?

Sauti hufika kwenye sikio la ndani kwa njia mbili. Ya hewa huingia tunduni, ikatikisa kiwambo, kisha vifupa vitatu vya sikio la kati, hadi kwenye koklea, kiungo cha kusikia cha sikio la ndani, ambako chembe zenye vinyweleo huugeuza mtikisiko kuwa ishara ya neva. Ya mfupa hupita kwenye fuvu na kuifikia koklea bila kuingilia tunduni. Kupima kwa mfupa ni kumsikilizisha mtu kwa njia hii ya pili, ili hali ya sikio la ndani ijulikane peke yake.

Mfikirie fundi chuma wa Katwe, Kampala, aliyegonga nyundo miaka mingi na sasa anawaomba wateja warudie maneno. Jirani atamletea dawa ya matone akidhani ni nta. Ikiwa kweli ni nta, au kiwambo kilitoboka kwa usaha wa utotoni, atasikia vibaya kwa hewa lakini kwa mfupa atasikia vizuri. Ikiwa kelele zimeua chembe za koklea, usikivu umeshuka kwa njia zote mbili, karibu kwa kiasi kilekile. Chembe hizo zikifa hazioti tena, na hakuna tone litakalozirudisha. Antibiotiki kama jentamaisini na streptomaisini nazo zinaweza kuziua.

Kwenye mashine, kitetemeshi kidogo hubanwa juu ya mfupa ulio nyuma ya sikio, na mgonjwa hubonyeza kitufe kila asikiapo mlio, hata ule hafifu kabisa. Milio huanzia Hertz (mitetemo kwa sekunde) 250 hadi 4,000. Majibu ya hewa na ya mfupa huchorwa pamoja; pengo kati yake likizidi desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 10 hadi 15, kuna kizuizi sikio la nje au la kati.

Kuna mtego hapa. Fuvu ni moja, na mtetemo uliowekwa kulia huifikia koklea ya kushoto bila kupungua hata kidogo, au kwa uchache sana. Sikio lililokufa huonekana linasikia, kumbe limesaidiwa na mwenzake. Ndiyo maana mpimaji hutia mvumo kwenye sikio zima, yaani lile lenye afya, ili lisiibe jibu. Kipimo kilichorukwa hatua hii mimi sikiamini.

Pasipo mashine, uma wa chuma unaolia ukigongwa, wa Hertz 512, hutosha kuanzia. Mwaka 1855 daktari Mjerumani Heinrich Adolf Rinne alieleza namna ya kulinganisha mlio wake mfupani na mbele ya tundu. Mtego uleule upo, kwa hiyo uma huwekwa pia katikati ya paji la uso, kipimo kinachoitwa cha Weber. Tatizo la sikio la ndani la upande mmoja huupeleka mlio kwenye sikio zima. Kizuizi huuvuta kwenye sikio bovu, jambo linalowashangaza wagonjwa wengi.

Uma hauhitaji umeme, na ningependa kila kituo cha afya, kuanzia Arua hadi Busia, kiwe nao. Mtu akiamka sikio moja limezima ghafla, na mlio wa Weber ukaelekea upande wenye afya, hiyo ni dharura: apelekwe siku hiyohiyo kwa daktari wa masikio, kwa mfano hospitali ya Mulago, Kampala, kwa sababu dawa za steroidi husaidia zaidi zikianza ndani ya wiki mbili za mwanzo.